Tumepewa chumba cha somo la teknolojia. Tununue nini kwanza?

Swali: Shule yetu imepata fedha za kugeuza ukumbi mdogo kuwa chumba cha kisasa cha kufundishia teknolojia. Urefu wake ni mita 12 na upana mita 8. Madirisha yako upande mmoja, mlango ni mmoja. Nina mikondo minne, kila mmoja una wanafunzi 36. Kamati imeshaandika orodha: kompyuta 36, printa nne za 3D (zinazochapa vitu vya plastiki), mashine ya kukatia kwa leza, ubao janja na seti za roboti. Nimeombwa niseme kipi kitangulie. Nimefundisha kompyuta kwa miaka mingi, lakini karakana sijawahi kuisimamia. Naomba ushauri.

Jibu: Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla fedha hazijatoka. Wengi huniandikia mashine zikiwa zimeshafika, na hapo kinachobaki ni kutafuta pa kuzibanza.

Kinachotakiwa kutangulia hakimo kwenye orodha ya kamati. Tangulizeni umeme, hewa, mlango wa pili na rafu. Mashine zije mwisho, tena ziwe chache kuliko zilizoandikwa. Nitakueleza kwa nini, na nitakupa hesabu ili uingie kikaoni na tarakimu mkononi.

Niliwahi kuishauri shule moja ambayo orodha yake ilifanana sana na yenu, nami nikaipitisha. Mashine ya leza ikaja ndani ya sanduku la mbao, ikashushwa na watu sita, ikakaa ndani ya sanduku hilo miezi minane. Hakuna aliyekuwa amefikiria moshi wake utatokea wapi. Ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa maktaba. Wanafunzi waliomaliza mwaka ule waliondoka bila kuiona ikiwaka hata siku moja. Tangu hapo sipitishi orodha yoyote kabla sijaona ramani ya chumba.

Kwa hiyo anza na karatasi ya miraba. Sentimita moja iwe nusu mita, na chumba chako kitakuwa sentimita 24 kwa 16, kinaenea kwenye karatasi moja ya A4. Halafu chagua kitu kimoja ambacho mwanafunzi wako atakitengeneza katika muhula, kitu cha kweli cha kutumika. Mimi hupenda taa ndogo ya mezani: ina kiunzi cha plaiwudi, kifuniko cha akriliki (plastiki ngumu), saketi yenye taa chache ndogo za LED, na programu inayoiwasha giza linapoingia. Sasa mfuate mwanafunzi huyo kwa penseli. Anachora wazo lake meza gani? Anahamia wapi kulichora kwenye kompyuta? Mfano wa kadibodi anaukatia wapi? Akishakata plaiwudi, anaisugua wapi, na unga wake unaangukia nini? Analehemu meza ipi? Gundi ikiwa haijakauka na kengele ya kipindi imelia, taa yake inalala wapi mpaka wiki ijayo? Chora mstari kutoka hatua hadi hatua. Pale mistari inapopishana mara nyingi ndipo watoto watakapogongana wakiwa wameshika vitu vyenye makali.

Ukimaliza utaona kazi zimejigawa zenyewe: kuna za vumbi na kuna zisizotaka vumbi. Usizichanganye. Niliwahi kufungua kompyuta iliyokaa mwaka mmoja hatua chache kutoka kwenye msumeno. Feni ilikuwa ikizunguka vizuri, lakini nyuma yake unga wa mbao ulikuwa umelala kwenye mapezi ya kipoza joto kama kitambaa kinene cha rangi ya kahawia. Niliubandua kwa ncha ya bisibisi ukatoka kipande kizima. Mwenye kompyuta hiyo alikuwa akilalamika kwamba ni nzito na inajizima, na alikuwa ameshaomba mpya.

Mita 4.5 za mwisho wa chumba zitenge ziwe karakana. Hizo ni mita za mraba 36. Zinabaki 60 kwa kuchora, kompyuta na elektroniki. Kizuizi kati yake kiwe ukuta hadi usawa wa kiuno, na juu yake kioo cha usalama mpaka darini. Kioo ni lazima, kwa sababu wewe ni mmoja. Popote utakaposimama unatakiwa uone kila mkono unafanya nini. Nikikagua chumba huwa nasimama kwenye kila pembe na kujiuliza ni nani nisiyemwona, na kabati lolote refu linaloziba macho nalihamishia ukutani.

Sasa hesabu ya watu. Gawanya mita za mraba 96 kwa wanafunzi 36, unapata karibu mita za mraba 2.7 kwa kila mmoja, na hapo hujaweka benchi wala kabati. Wote 36 hawawezi kufanya kazi moja kwa wakati mmoja, na wala hawana haja. Wagawe makundi matatu ya watu 12: moja karakana, moja meza za elektroniki, moja kwenye usanifu na kompyuta, wakizunguka wiki hadi wiki. Karakanani kila mmoja anapata mita tatu za mraba, nafasi ya kufanyia kazi bila kumpiga mwenzake kiwiko. Na tazama kinachotokea kwenye orodha ya kamati: kundi la usanifu linahitaji kompyuta 12, kundi la elektroniki likifanya kazi wawili wawili linahitaji sita. Jumla 18. Kompyuta 36 za orodha zimepungua nusu, na fedha zilizobaki ndizo zitakazolipia umeme na hewa. Hoja hiyo peke yake inaweza kukuvusha kwenye kikao.

Lakini nikuambie wazi: ukiwa peke yako na wanafunzi 36 katika sehemu tatu, msumeno wa umeme usiwashwe. Kata vipande vikubwa wewe mwenyewe kabla ya kipindi, na wanafunzi watumie misumeno ya mkono, tupa, keekee ya mkono na msasa. Omba fundi msaidizi wa karakana, hata wa siku mbili kwa wiki. Mtu huyo ana thamani kuliko printa mbili, na mara nyingi hakuna anayemwombea bajeti kwa sababu hapigwi picha siku ya ufunguzi.

Mlango mmoja haukubaliki. Moto ukianzia upande wa kutokea, walio karakanani wamenaswa nyuma ya kioo. Mlango wa pili uwe upande wa karakana, ufungukie nje, na usifungwe kwa kufuli wakati wa kipindi. Utakusaidia pia katika jambo la kila siku: karatasi nzima ya plaiwudi huwa na sentimita 244 kwa 122, na haipiti kwa amani katikati ya meza zenye kompyuta. Iingie kwa mlango huo, isimame wima kwenye rafu iliyo pembeni yake, ikatwe hapo hapo. Mtungi wa kuzimia moto wa kabonidayoksaidi ukae karibu na vifaa vya umeme, na blanketi la moto karibu na meza za kulehemu. Vyote viwe mahali unapoweza kuvifikia bila kuupita moto wenyewe.

Nije kwenye umeme, ambao ndio unaoangusha vyumba vingi. Chukua mahali penye volti 230. Kompyuta mpakato 18 za wati 65 ni wati 1,170. Vifaa sita vya kulehemu vya wati 60 ni 360. Printa mbili za 3D, tuseme wati 300 kila moja zinapopasha meza yake, ni 600. Mashine ya leza pamoja na feni na kipoza maji chake, weka 1,500. Mashine ya kuvuta vumbi, 1,500 nyingine. Jumla ni wati 5,130, yaani zaidi ya ampea 22. Saketi moja ya ampea 16 inabeba wati 3,680 tu. Kwa maana hiyo ukumbi wenu, uliotengenezwa kwa ajili ya taa, feni na labda spika, utakata umeme siku ya kwanza. Au utafanya kibaya zaidi: mtu atakuja na ekstensheni, ataunganisha na nyingine, na waya utapata moto chini ya zulia.

Mwite fundi umeme mwenye leseni kabla ya seremala. Mwambie unataka saketi tofauti: moja ya kompyuta, moja ya meza za elektroniki, moja ya mashine za karakana, moja ya leza peke yake, na ya taa isichanganywe na yoyote. Soketi zote zilindwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima mara kinapohisi umeme unavuja kupitia mwili wa mtu. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara kwa mara na uandike tarehe. Soketi ziwe juu ya meza, sentimita 15 hivi kutoka usawa wake, ili asiwepo anayeinama kutafuta tundu huku ameshika chuma cha moto.

Halafu vitufe vya dharura, vile vyekundu vyenye kichwa kama uyoga juu ya kibao cha njano. Weka kimoja kila upande wa karakana, kimoja penye meza za elektroniki, kimoja mahali unapofundishia. Vikibonyezwa vikate mashine na meza za kazi, lakini taa zisizimike. Mafundi wengi huunganisha vyote pamoja kwa sababu ni rahisi, na matokeo yake ni kwamba mtoto akiumia, watoto 36 wanaachwa gizani katikati ya misumeno. Jambo la mwisho kwenye umeme: ukikatika na kurudi, hakuna mashine inayotakiwa kujiwasha yenyewe. Swichi zinazofanya kazi hiyo zipo. Zidai kwa maandishi.

Hewa sasa. Watu huona printa na leza ni mashine safi kwa sababu hazipigi kelele kama randa ya umeme. Lakini lehemu yenye utomvu wa msonobari hutoa moshi mweupe unaopanda moja kwa moja usoni mwa anayeinama, na moshi huo unajulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta mara kwa mara. Kila meza ya kulehemu iwe na kivuta moshi kidogo kando ya mkono. Tumia lehemu isiyo na risasi, hata kama inayeyuka kwa joto kubwa zaidi, karibu nyuzi 217 hadi 227 za Selsiasi, na wanafunzi wanawe mikono kila wanapomaliza. Ndiyo maana nataka sinki ndani ya chumba. Kama bomba liko mbali, anza kulivuta mapema.

Kwenye printa, shikilia plastiki ya PLA, inayoyeyushwa kwa nyuzi 190 hadi 220. Ile ya ABS inataka joto zaidi na inatoa stairini, gesi ambayo haifai ndani ya darasa. Leza ina hatari moja ambayo kila mwanafunzi aijue kabla hajaigusa: usikate PVC, plastiki ya mabomba. Inapoungua hutoa haidrojeni kloraidi, gesi inayounguza mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Kwa macho tu, kipande cha PVC na cha akriliki vinaweza kufanana. Kwa hiyo weka sheria rahisi: kisichotoka kwenye rafu ya vifaa vilivyoandikwa jina hakiingii ndani ya leza. Na ikiwa inakata, mtu mzima anasimama hapo mpaka imalize, kwa kuwa akriliki na mbao hushika moto.

Vumbi la mbao nalo si la kuchezea. Tangu 1995 limo kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, unaongeza gundi yenye fomaldehaidi. Kwa hiyo livutwe pale linapozaliwa, kwenye msumeno na kwenye msasa. Usifagie kwa ufagio mkavu, maana unalirudisha hewani likaenee kwa kila pua. Tumia mashine ya kufyonza au kitambaa kibichi.

Kwa kuwa madirisha yako yako upande mmoja, upepo hautakatiza chumba. Weka feni za kutoa hewa juu kwenye ukuta wa pili, na kumbuka kuwa hewa inayotoka lazima nafasi yake ijazwe na nyingine; dirisha lililofungwa kabisa litaifanya feni inung'unike bure. Kabla hamjatoboa ukuta kwa ajili ya bomba la leza, toka nje uone linaelekea wapi. Lisiishie chini ya dirisha la darasa jingine.

Mwanga nitauzungumzia kwa ufupi. Lenga lukisi 500 (lukisi ni kipimo cha mwanga) kwenye meza za kazi na 750 panapochorwa michoro ya vipimo. Karibu na mashine zinazozunguka epuka taa zinazopepesa kwa mpigo wa umeme, kwa sababu mpigo ukilingana na mzunguko, meno ya msumeno huonekana yamesimama wakati yanazunguka. Mtoto akinyoosha mkono hapo hajafanya uzembe. Macho yake ndiyo yaliyomdanganya.

Benchi zinunuliwe kwa kupimwa na miili ya watoto wako. Kuna kipimo cha zamani cha mafundi wa vyuma ambacho sijaona kilichokizidi: simama mbele ya jiliwa, kile kibanio cha benchi, kunja mkono, weka ngumi chini ya kidevu. Kiwiko kiguse juu ya taya za jiliwa. Nimewahi kumtazama msichana mmoja mfupi akisugua kwa tupa kwenye jiliwa lililokuwa karibu na kifua chake. Mabega yalikuwa yamempanda masikioni, tupa ikipanda na kushuka kama bembea, na ukingo wa kipande chake ulikuwa wa mviringo badala ya kuwa bapa. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba hana uvumilivu. Tuliweka chini yake jukwaa la mbao la sentimita 15. Ndani ya dakika kumi ukingo ule ulikuwa umenyooka, na yeye alikuwa anaupitisha kwenye mwanga wa dirisha kuukagua, hataki kuacha. Tengeneza majukwaa matatu au manne ya namna hiyo, yasiyoteleza, na benchi mbili ziwe za kupandishwa na kushushwa. Mmoja wa wanafunzi wako, leo au mwaka kesho, atakuwa anatumia kiti cha magurudumu: njia ziwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, awe na duara la sentimita 150 la kugeuzia, na uwazi wa magoti chini ya meza. Kati ya benchi mbili ambazo watu wanafanya kazi wakipeana migongo, acha walau sentimita 150.

Rafu nimezitaja mwanzoni pamoja na umeme, na pengine ulishangaa. Una mikondo minne ya wanafunzi 36, yaani kazi 144 ambazo hazijaisha kwa wakati wowote. Zisipokuwa na pa kulala zitarundikwa kwenye benchi, zitavunjika, na wanafunzi watarudi wiki ijayo kuanza upya au kulia. Mpe kila mmoja sinia la sentimita 30 kwa 40. Rafu yenye upana wa mita 1.2 inabeba masinia manne kila ngazi. Ngazi tisa za sentimita 20 zinafika urefu wa mita 1.8. Hiyo ni 36, mkondo mmoja mzima. Mikondo minne inataka mita 4.8 za ukuta. Ukiwaweka wawili wawili, nusu yake inatosha. Ukuta huo utenge sasa, kabla ubao janja haujaupata.

Zana nazo zipangwe zionekane. Chukua ubao, chora umbo la kila zana kwa rangi iliyokolea, tundika zana juu ya umbo lake, na uandike namba ile ile kwenye umbo na kwenye mpini. Dakika tatu kabla ya kengele, mwanafunzi wa zamu anatazama ubao: umbo lililo wazi linaonyesha patasi namba saba haijarudi, na hakuna anayetoka mpaka ipatikane. Zana zilizofungiwa kwenye kabati lenye kufuli hazipotei kweli, lakini hazitumiki pia.

Usione haya kuanza na zana za mkono katika chumba kinachoitwa cha kisasa. Ufini iliingiza kazi za mikono katika shule zake za umma mwaka 1866, kwa msimamo wa Uno Cygnaeus, mwasisi wa shule hizo, kwamba ni sehemu ya malezi ya mtoto, si maandalizi ya ufundi fulani tu. Nakubaliana naye kabisa. Mtoto aliyewahi kukata kiungo kwa msumeno wa mkono kikakataa kuingiana anaelewa maana ya nusu milimita, na huyo ndiye atakayechora vizuri kwenye kompyuta.

Baada ya hayo yote ndipo mashine. Printa za 3D zinapendeza, lakini ni za taratibu. Tuseme kila mwanafunzi anachapa kitu cha saa tatu: kazi 144 ni saa 432. Printa nne zikigawana, kila moja inafanya saa 108. Zikiwaka saa sita kwa siku za shule, hizo ni siku 18, bila kuhesabu zitakazoziba mdomo wa kutolea plastiki au kazi zitakazobanduka katikati ya kuchapwa. Leza inakata vipande vya plaiwudi ya milimita 3 vya taa moja kwa dakika chache. Kwa hiyo mimi ningenunua printa mbili za aina moja, zichape viungo vidogo na vifundo tu, na leza moja iliyofungwa pande zote, yenye mlango ambao ukifunguliwa miale inakatika papo hapo. Printa mbili ziwe za modeli moja ili vipuri viingiliane, na mipangilio iliyofanya kazi kwenye moja ifanye kazi kwenye nyingine. Plastiki yake ihifadhiwe kwenye chombo kinachofunga vizuri, maana ikinyonya unyevu hutoa nyuzi na mapovu.

Kuhusu roboti, jihadhari na seti zilizofungwa ambazo gurudumu likipotea seti nzima inakufa. Nunua bodi za wazi, yaani vibao vidogo vya saketi vinavyopokea programu, na vipuri vyake vya rejareja. Arduino, iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, na micro:bit, ambayo mwaka 2016 iligawiwa wanafunzi karibu milioni moja Uingereza, zote zinafanya kazi na mota, vihisi na LED za kawaida zinazopatikana kwa wauzaji wengi. Taa yako ya mezani inahitaji bodi moja, kihisi mwanga kimoja na waya kidogo. Betri za lithiamu zichajiwe mchana, mtu akiwepo, juu ya kitu kisichoungua.

Programu chagua zinazofanya kazi bila intaneti na zisizodai malipo ya kila mwaka: Inkscape kwa michoro ya leza, FreeCAD kwa vitu vya pande tatu, Scratch kwa wanaoanza kuandika programu. Ubao janja uache. Nunua projekta na kamera ndogo ya kuning'inia juu ya meza yako ya maonyesho. Watoto 36 hawawezi kuona tone la lehemu likitiririka kuzunguka mguu wa LED, lakini kamera ikilikuza ukutani watauona ule wakati inapong'aa na kutulia, na ndipo wataelewa unachomaanisha ukisema kiungo kizuri.

Kamati itasahau vitu vinavyoisha: msasa, nyembe za misumeno, lehemu, gundi, plaiwudi, plastiki ya printa, LED, miwani ya kinga iliyokwaruzika, vichujio vya hewa. Wafanye waandike mstari wao wa bajeti kila mwaka, tofauti na wa matengenezo. Wakikataa, punguza mashine moja sasa hivi na thamani yake iwekwe kando kwa vitu hivyo, kwani leza isiyo na plaiwudi ni meza ghali.

Na kabla ya kipindi cha kwanza, omba wiki mbili za chumba kitupu kwa ajili yako. Tengeneza ile taa mwanzo hadi mwisho, kwa mikono yako, kwenye mashine hizo hizo, ukiandika kila ulipokwama na dakika ulizotumia. Hujawahi kusimamia karakana, umesema, na ulivyo mkweli hivyo utajifunza haraka. Ukimpata fundi msaidizi, itengenezeni pamoja.

Ukishachora ile karatasi ya miraba, nitumie picha yake. Andika pia kingo za chini za madirisha ziko urefu gani kutoka sakafuni. Hilo hukulitaja, nalo ndilo litakaloamua kama rafu zile zinaweza kukaa chini ya madirisha, kwa ngazi pungufu na upana zaidi, au ni lazima zichukue ukuta wa pili.